Sauti Iliyoaminiwa Peñaluenga

Katika kundi letu la maigizo kulikuwa na watu wazuri wa sura kuliko Baltasar Ayerbe, na wengine waliomzidi akili ya jukwaani, lakini hakuna aliyeaminiwa kama yeye. Alikuwa na sauti. Sijui niielezeje zaidi ya hapo. Akikwambia kaa, ulikaa, ndipo ukajiuliza kwa nini umekaa. Don Gaudencio Pradas, mwenye kundi, alizoea kumtania: "Wewe Baltasar, siku ukiniambia nimekufa nitakwenda kujilaza mwenyewe kaburini." Miaka hiyo tulicheka sana kwa utani huo.

Mimi ni Benita. Nilikuwa nikicheza wajakazi na bibi vizee hata kabla sijatimiza miaka thelathini, kwa sababu ya pua yangu, na nilisafiri na Baltasar kundi moja mpaka vita vilipotutawanya. Baadaye tukakutana tena kwenye filamu. Kwa hiyo mengi ninayosimulia niliyaona mwenyewe, na mengine alinieleza yeye alipokuwa hana tena mtu wa kumweleza.

Alizaliwa Huesca, mji wa kaskazini mwa Hispania, mtaa wa watengeneza ngozi, mtaa ambao harufu yake ilikufuata mpaka kitandani. Baba yake alikufa kwa kifua mtoto angali mdogo. Mama yake, Engracia, alikuwa akifua nguo za watu mtoni, hata katikati ya baridi, vidole vimempasuka. Siku moja padri alimsikia yule mtoto akimwita punda wa jirani, akasimama barabarani kusikiliza. Akamchukua awe msomaji kanisani. Wanawake ambao hawakuwa wakionekana misa walianza kuja. Engracia peke yake hakufurahi. Alimwendea padri akamwambia kwamba mwanawe anasoma habari za moto wa jehanamu kwa sauti tamu mno, watu wanatoka wakitabasamu, na jambo hilo halimkai moyoni. Padri alicheka, akasema hiyo ni karama.

"Sawa, ni karama," akasema Engracia. "Lakini mwenyewe hajui anachokisoma."

Aliingia kundi letu akiwa kijana wa miaka kumi na minane. Tulikuwa tukizunguka miji midogo ya jimbo la Aragón kwa treni za daraja la tatu, masanduku ya mavazi yakiwa chini ya miguu yetu, tukila mkate na soseji iliyokauka, na jioni tukicheza popote palipo na paa. Alijifunza haraka. Kosa lake lilikuwa moja, lile ambalo mama yake aliliona mapema. Hakuwahi kusoma mchezo mzima. Alishika maneno yake tu, na aliyashika kama maji yanavyoshikwa na mtungi, bila mtungi kujali ni maji gani.

Nakumbuka tulipokuwa Barbastro, alicheza mtu anayewalaghai ndugu zake mpaka wakapoteza nyumba. Watazamaji walimwamini tangu mwanzo, na mwisho ulipofika, uovu wake ukafichuliwa, walikataa kuusadiki. Waliguna. Walidhani ndugu zake ndio waongo. Don Gaudencio alikasirika, akamfuata nyuma ya pazia.

"Hivi unajua huyu unayemcheza ni mwongo?"

"Mwongo?" Baltasar aliuliza. Alikuwa akijifuta rangi usoni. "Mimi nilimwona mtu mwema tu."

"Kwa sababu wewe ndiye unayesema maneno yake, mpumbavu wewe."

Tulicheka pia siku hiyo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe, vile vya mwaka 1936, vilitukuta Peñaluenga. Ni mji wa reli, una karakana kubwa ya kutengeneza mabehewa, na wakati huo nusu ya wanaume walifanya kazi humo. Tulialikwa na wafanyakazi wenyewe wakati wa sikukuu zao za Julai, tukacheza katika ukumbi wao. Walitupenda kupita kiasi. Walikuwa wakimsubiri Baltasar nje, wakimwita kwa jina kana kwamba amezaliwa hapo. Mmoja wao, fundi vyuma aitwaye Blas Lacambra, ndiye aliyempenda zaidi. Asubuhi alitujia na sufuria ya konokono waliopikwa na pilipili, akakaa na Baltasar chini ya ukuta wakila kwa vijiti na kunywa mvinyo, akimuuliza jinsi mtu anavyoweza kulia mbele ya watu bila kuwa na huzuni. Mkewe, Orosia, alikuja kumwita mara mbili kwa ajili ya chakula. Mara ya tatu alikaa naye akasikiliza.

Kisha wanajeshi walioasi wakateka Zaragoza, na siku chache baadaye malori yao yakaingia Peñaluenga. Hapakuwa na mapigano. Wanaume wa karakana, waliokuwa upande wa serikali, walikuwa wamekwisha kukimbilia mashamba ya mizabibu na vilima vya nyuma. Mji ukabaki wa wanawake na wazee. Joto lilikuwa kali, upepo umekufa, na korongo juu ya mnara wa kanisa walikuwa wakigonga midomo yao mchana kutwa bila sauti nyingine kuwajibu. Karakana ilinyamaza. Ukizoea kelele za mji wa reli, ukimya wake unakutisha kuliko bunduki.

Kapteni aliyeongoza wanajeshi wale alikaa katika jengo la serikali ya mji. Alitaka wanaume warudi. Mpiga mbiu wa mji, mzee mmoja ambaye kazi yake ilikuwa hiyo maisha yake yote, alijifunga skafu ya sufu shingoni katikati ya Julai na kusema koo linamuuma, hawezi kutoa sauti. Ndipo mtu mmoja, hatukujua nani, akamwambia kapteni kwamba mjini kuna mwigizaji.

Askari walikuja kumchukua Baltasar wakati nikimshonea kifungo cha shati. Nilimwambia angoje nikate uzi. Akacheka, akasema kama wangekuwa wanampeleka kuuawa wasingengojea kifungo. Aliporudi alituambia kwamba kapteni ni mtu mstaarabu. Alimpa kahawa na sigara. Alimwambia reli lazima itembee, wale wanaume wanaogopa bure, kila mmoja aje shuleni achukue kibali chake cha kazi na maisha yaendelee.

"Ulimuuliza kama ni kweli?" alisema Don Gaudencio.

"Nilimuuliza."

"Akasema nini?"

"Akasema, wewe ni mwigizaji, soma vizuri."

Don Gaudencio alimtazama kwa muda mrefu, kisha akatazama mlango ambako askari wawili walikuwa wakivuta sigara. Mara nyingi baadaye nimejiuliza angesema nini. Tulikuwa watu saba ndani ya chumba kimoja, na bunduki zilikuwa mlangoni.

Siku iliyofuata, saa ya soko, Baltasar alipanda kwenye roshani ya jengo la serikali. Nilikuwa chini, katikati ya wanawake. Alipewa tangazo alisome, naye akasoma mstari wa kwanza, kisha nikaona anashusha karatasi. Hakusoma tena. Aliongea. Aliongea kama alivyokuwa akiongea na Blas chini ya ukuta. Aliwaambia wanaume wa karakana warudi nyumbani, wake zao wanawangoja, hakuna atakayewagusa, waje shuleni kesho asubuhi na mambo yatakwisha. Mbele yangu mama mmoja alianza kulia kwa faraja. Mimi mwenyewe niliamini. Niliamini kuliko yeyote, kwa sababu nilimjua.

Wanawake walitoka moja kwa moja sokoni kwenda mashambani kuwaita waume zao.

Asubuhi walikuja wanaume kumi na saba. Walikuwa wamenyoa, wamevaa mashati meupe kama watu wanaokwenda ubatizo. Mlango wa shule ulifungwa. Wanawake waliosimama nje waliambiwa waende majumbani wakapike, na baada ya chakula ikatoka amri kwamba kila mtu abaki ndani, madirisha yafungwe, mpaka kengele ya kanisa ipigwe. Katika saa ile ya usingizi wa mchana, jua likiwa limechoma barabara zote zikawa nyeupe, tulisikia lori likitoka shuleni. Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya ghorofa, njia panda. Sisi tulikaa mbali na dirisha kama tulivyoamriwa. Baltasar peke yake alikuwa amesimama nyuma ya pazia, akivuta sigara.

Jioni kapteni alitupa kibali cha kusafiri. Tukapanda treni. Tulipopita daraja, Don Gaudencio alisema kwamba bila shaka wale wanaume wamepelekwa Zaragoza. Sote tukageukia madirisha.

Kundi lilivunjika mwaka huohuo. Don Gaudencio aliugua akafa majira ya baridi kwa dada yake. Mimi nilishona magwanda. Baltasar walimweka redioni, na vita vilipokwisha kwa ushindi wa wale walioasi alikwenda Madrid, ambako filamu zilikuwa zikihitaji watu wa aina yake. Alipanda haraka. Alicheza mapadri, makapteni, wafalme, akina baba wanaosamehe. Filamu za nje zilipoletwa nchini, waigizaji wao wakubwa waliwekewa sauti yake, hivyo hata alipokuwa haonekani alikuwa anasikika. Wanawake wenye heshima zao walimsimamisha barabarani wamwombe aseme chochote, hata "habari za asubuhi". Alinipatia kazi, kwa kuwa pua yangu bado ilifaa bibi vizee. Alikuwa mkarimu, alinenepa kidogo, alipenda suti nzuri. Hatukuwahi kuitaja Peñaluenga. Kila tulipokuwa wawili peke yetu jambo hilo lilikaa nasi kama mtu wa tatu, nasi tukajifanya hatumwoni.

Siku moja katika mkahawa karibu na studio tulikaa na bwana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuzungusha filamu vijijini kwa gari. Alikuwa mcheshi, mnywaji. Alimpiga Baltasar begani.

"Kaka, kuna mji mmoja unanitia hasara kwa ajili yako. Kule kwetu watu huja na viti vyao wenyewe, si unajua. Basi pale Peñaluenga filamu ikianza wanakaa vizuri kabisa, lakini ukifungua mdomo tu, wanasimama. Hawapigi kelele, hawatukani. Kila mtu anabeba kiti chake anakwenda zake. Nabaki na mashine yangu na mbwa. Uliwafanya nini wewe?"

Alikuwa anacheka, akingoja Baltasar acheke. Baltasar alimwaga kahawa yake polepole juu ya sahani, kama mtu ambaye mkono si wake. Yule bwana alipoondoka, aliniuliza kama nilikuwa nikijua. Nikamwambia najua, wote tulijua tangu ndani ya treni. Akasema hata yeye. Miaka kumi na mitano alikuwa ameepuka kumuuliza mtu yeyote anayetoka upande ule, ili asije akajibiwa.

Haukupita mwaka, ikaja filamu ya gavana. Ilikuwa hadithi ya zamani: gavana mwema anawaita waasi washuke kutoka milimani, wanashuka, anawasamehe, wote wanakwenda kanisani. Mwongozaji alikuwa kijana wa Madrid aitwaye Iríbar, mtu mwenye bidii ambaye hakuwa na kosa lolote isipokuwa umri wake. Alikuwa ametafuta uwanja wenye jengo la kale na roshani ya mawe. Alipotaja mji alioupata, Baltasar alikwenda kwa wenye filamu akaomba kujitoa. Wakamuuliza sababu. Katika nchi yetu wakati ule sababu ile haikuwa ya kusemwa kwa sauti mbele ya mtu yeyote. Akarudi nyumbani akafunga sanduku lake.

Tulishuka Peñaluenga mchana wa mwezi Novemba, upepo baridi wa kaskazini uitwao cierzo unavuma mpaka unakulazimisha utembee umeinama. Tulipokuwa tukipanda barabara kutoka stesheni, madirisha yalianza kufungwa. Hayakubamizwa. Yalifungwa taratibu, kwa adabu, moja baada ya jingine, kila tulipokaribia, hata Iríbar akasema upepo wa huku hauna mchezo.

Katika nyumba ya wageni mwenye nyumba alituandalia dengu na mafuta ya nguruwe. Baltasar alimshukuru. Mwanamke mwingine aliyekuwa akipita na jagi la maji alilitua mezani palepale, akatoka nje, hakurudi tena. Tangu hapo Baltasar akaacha kusema. Akitaka chumvi alionyesha kwa kidole. Akitaka maji alinyanyua gilasi. Iríbar aliona fahari. Alituambia tusimsumbue, mzee anatunza mali yake kwa ajili ya siku ya roshani.

Siku ya pili nilikuwa uani nikianika magauni ya filamu. Mwanamke mwenye nguo nyeusi akasimama langoni. Nilimtambua kwa jinsi alivyosimama, kwa kuwa uso ulikuwa wa mtu mwingine. Hakuwa amefika hamsini na alionekana bibi. Aliuliza kama yupo. Nikapanda kumwita. Nilidhani Baltasar atakataa kushuka, lakini alikuwa tayari mlangoni, amemwona kupitia dirishani.

Orosia aliinua mkono kabla Baltasar hajamfikia.

"Naomba usiseme mpaka nimalize. Nikisikia sauti yako sitaweza."

Baltasar akatikisa kichwa kukubali.

"Blas hakutaka kurudi. Mimi ndiye niliyemfuata kule mizabibuni. Nikamwambia, ni rafiki yako aliyesema, yule mwigizaji. Akasema, kama ni yeye basi twende, ila ngoja kwanza nikanyoe." Akalishika shali lake lisipeperuke. "Sijaja kukulaumu. Lawama nimejipa mwenyewe, zinanitosha. Nimekuja kwa jambo moja. Ninyi mlipanga pale juu, njia panda. Sisi tulifungiwa. Lile lori lilishika njia gani?"

Baltasar alinyoosha mkono. Kidole hakikutafuta. Kilielekea juu ya paa la zizi, upande wa magharibi, ambako kuna tanuri la chokaa lililoachwa tangu zamani.

"Una hakika?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Lilikwenda mbali?"

Hapo nilidhani atasema. Midomo ilifunguka. Badala yake akatoa sigara mfukoni, akaishika mbele yake bila kuiwasha, akaweka ukucha wa kidole gumba karibu na mwisho. Orosia hakuelewa. Mimi nilielewa, kwa sababu nilikuwa nimemwona nyuma ya pazia siku ile. Nikamwambia kwamba alikuwa akivuta dirishani, na lori liliporudi sigara ilikuwa haijaisha.

Orosia aliitazama ile sigara kama mtu anayepima kitambaa.

"Basi ni pale pale tanurini," akasema. "Miaka yote hii nimekuwa nikipita hapo nikienda kwa dada yangu."

Akaondoka. Baltasar alikaa juu ya ngazi mpaka magauni yakakauka. Nilimletea koti, hakulivaa.

Siku ya roshani, ofisi ya mji ilikuwa imeamuru watu wote waje uwanjani wawe umati wa gavana. Walikuja. Walivishwa vitambaa na kofia za zamani, wakasimama walipoambiwa. Askari walisimama pembezoni pamoja na mkuu wao, mtu mnene aliyekuwa amekuja kujifurahisha. Baltasar alitoka roshanini na joho la gavana. Maneno aliyoandikiwa hayakuwa yaleyale ya zamani, ila yalikuwa ndugu zake: shukeni, wanangu, hakuna atakayewagusa. Umati ulitakiwa kushangilia na kusogea mbele.

Alisema maneno yake. Hakuna aliyesogea.

Iríbar alipaza sauti kwa upole, akawaeleza upya: gavana ni mwema, mnamwamini, mnasogea. Wakamsikiliza kwa makini. Kamera ikaanza tena, Baltasar akasema tena, na mara hii wanawake wa mbele wakageuka, wakampa mgongo. Hawakuambizana. Waligeuka tu, kisha wale wa nyuma yao, mpaka uwanja mzima ukawa migongo na vitambaa vinavyopepea. Mkuu wa askari alivua kofia akajifuta jasho, ingawa kulikuwa na baridi. Nilimwona akiwahesabu watu wake kwa macho. Nilijiambia leo kuna mtu atakufa hapa, na sikujua ni nani.

Iríbar, ambaye bado hakuwa ameelewa chochote, aliomba mara ya tatu. Mikanda ya kupigia picha ilikuwa adimu, alisema, safari hii lazima ikubali.

Kamera ikaanza kuzunguka. Baltasar alitazama chini uwanjani. Kisha akasema, na haikuwa sauti tuliyoijua. Ilikuwa kavu, ya mtu wa kawaida wa mtaa wa watengeneza ngozi, yenye lafudhi ya Huesca aliyoificha tangu ujana.

"Msiende. Wanaume wa karakana, msiende shuleni. Nilichowaambia ni uongo. Walioniambia niseme walijua ni uongo, nami sikutaka kujua. Rudini mizabibuni. Blas, usiende."

Iríbar hakusimamisha kamera. Alidhani mzee amesahau maneno na anatafuta njia ya kuyarudia. Fundi wa sauti alikwisha kuvua vyombo vyake masikioni na kuviweka chini, kama mtu asiyetaka kuwa shahidi. Uwanjani hakuna aliyelia wala kushangilia. Baadhi ya wanawake waligeuka wakamtazama. Mmoja wa nyuma, ambaye sikumwona uso, akasema bila hasira:

"Umechelewa, bwana."

"Najua," akasema Baltasar.

Ndipo askari wakapanda ngazi.

Wale waliokuwa uwanjani waliulizwa mmoja mmoja walichosikia. Kila mmoja alisema upepo ulikuwa mkali. Mimi pia nilisema hivyo. Baltasar alifungwa Zaragoza mpaka kiangazi, na asingetoka kama wenye filamu, waliokuwa wakihofia hasara yao kuliko wakimhurumia, wasingempata daktari wa kuthibitisha kwamba amerukwa na akili kwa uchovu. Akatoka akiwa mwendawazimu kwa mujibu wa sheria. Jukwaa, filamu, redio, vyote akakatazwa.

Filamu yenyewe waliimaliza. Uwanja usingeweza kupigwa picha tena, kwa hiyo walitumia walichokuwa nacho, migongo wakaikata, umati wakaukodi Madrid, na sauti ya Baltasar wakaifuta yote, wakaweka ya kijana mmoja aliyefundishwa kumwiga. Nilikwenda kuiangalia. Roshanini, Baltasar anaonekana karibu kabisa, uso mzima. Sauti tamu inasema shukeni, wanangu, hakuna atakayewagusa. Midomo inasema msiende. Watu waliokaa karibu nami hawakuona kitu. Mmoja alisema tu kwamba sauti haikupangwa vizuri na picha.

Yule bwana wa gari la filamu alinisimulia ya Peñaluenga. Alisema hakutaka kuipeleka, ila safari hii wao ndio waliomwomba. Wakaja na viti vyao. Kijana aliyeiga sauti alipoanza kusema hakuna aliyesimama. Roshani ilipofika, wote waliinama mbele, wakitazama mdomo ule kama viziwi wanavyotazama, na mwisho wakamtaka airudishe nyuma awaonyeshe tena. Kesho yake wakarudi walewale, na wengine. Siku ya tatu ikaja amri, na askari wakaichukua filamu. Yule bwana hakuwa mcheshi tena alipokuwa akinieleza.

Baltasar alirudi Huesca, kwa binamu yake mwenye duka la ngozi. Alikata mikanda. Nilikuwa nikimtembelea kila mwaka wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Laurenti. Hakuwa bubu, kama watu wa mtaani walivyosema. Alisema pale palipokuwa lazima, kwa maneno machache, na mteja akimuuliza kama mkanda ni imara alimpa auvute mwenyewe. Nilimuuliza mara moja kama ameweka nadhiri. Akasema hapana, ni kwamba haiamini tena. Aliizungumzia sauti yake kama mbwa aliyewahi kumng'ata mtu. Kifua kilimwanza kama baba yake, na majira ya baridi ya mwaka 1963 akafa. Alizikwa na watu wachache, wengi wao mafundi ngozi.

Niliona Orosia anastahili kujua, nikapanda treni. Nilimkuta jikoni akisafisha konokono kwa chumvi. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama aliteseka. Nikasema ndiyo, kwa muda mrefu. Akasuuza mikono.

Kisha yeye ndiye akanieleza habari zake. Kila Jumapili, tangu siku ile ya uani, alikwenda tanurini na kikapu, kana kwamba anaokota konokono. Alikuwa akipanga mawe pale, kidogo tu, na kila Jumapili aliyakuta yametawanywa. Wanawake wengine walianza kufuatana naye, mmoja mmoja. Askari walipouliza waliwaonyesha vikapu. Mwaka huu mambo yamebadilika, alisema. Hawatawanyi tena mawe. Wamekuja watu na malori kutoka mbali, hawazungumzi na mtu, wanachimba mashimo madogo kuanzia barabarani mpaka tanurini na kupanda misonobari. Elfu nyingi. Wameweka waya, na mlinzi.

Nilimuuliza atafanyaje.

"Nimejifunza kuhesabu safu za miti," akasema. "Kutoka kona ya tanuri mpaka pale yalipokuwa mawe. Na binti yangu nimemfundisha."

Aliniambia nikirudi stesheni nisipite barabara ya magharibi, kwa sababu wageni wanaopita huko siku hizi huulizwa walikuwa kwa nani. Nikapita ya chini, kando ya karakana. Hata kutoka huko niliweza kuyaona malori mawili kilimani, yakiwa yamesheheni miche, yakingoja zamu ya kuingia.